Kufuata Dakika za Yasinta Dodoma

Ninyi mnaosaga kwangu pale Bagara mmeniuliza sana nilikwenda kufanya nini Dodoma, mwanamke mwenye mashine, siku tatu nzima, tena msimu wa mavuno. Nimewajibu vipande vipande huku mota inanguruma, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Sasa naieleza safari yote tangu mwanzo, ili anayetaka kunisema aniseme kwa habari kamili.

Nilikwenda kwa sababu mtoto wangu alikuwa hachezi.

Yasinta ana miaka kumi na minne. Ni beki wa kushoto kwenye timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tano ya akademi ya hapa mjini. Kuingia pale si lelemama, na mtoto akishachukuliwa, mzazi anasaini fomu ya ahadi ya familia. Fomu inasema familia itaiweka timu mbele ya shughuli nyingine zote, na mtoto akikosa mazoezi matatu mfululizo atakaa benchi wiki mbili. Nilisaini. Nilisaini kwa haraka, mahindi ya mtu yakiwa kwenye mashine, lakini nilisaini na sikatai.

Mwezi wa tano baba yangu mzazi alifariki kule Sigino. Kwetu, msalaba wa marehemu hubebwa na mjukuu mkubwa. Anatangulia nao mbele ya jeneza hadi kaburini, na akishaubeba haondoki pale nyumbani mpaka siku ya kunyoa nywele, matanga yanapoisha. Mjukuu mkubwa wa baba ni Damiani, mtoto wa dada yangu. Siku ya maziko Damiani alikuwa na mechi. Alifika tumeshafukia, akatoa pole, akarudi mjini. Wajukuu waliomfuata walikuwa mbali, hawakuwahi. Basi msalaba akaubeba Yasinta, akakaa Sigino siku sita, akakosa mazoezi manne.

Na kocha wa Yasinta ni nani? Ni Damiani huyohuyo.

Mkubwa mzima kakwepa wajibu wake, mtoto kausimamia, halafu aliyekwepa ndiye anayemwadhibu aliyesimama. Wiki mbili za benchi nilizimeza kwa kuwa nilisaini. Lakini wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi miwili. Kila Jumamosi Yasinta anavaa jezi, anafunga kamba za viatu, anasugua benchi, anarudi nyumbani na soksi safi. Soksi za mpira, safi! Nilikuwa sina hata haja ya kuzifua, na kila nikiziona kwenye beseni damu inanichemka.

Ndipo likaja tangazo la mashindano ya Dodoma. Tuliambiwa watakuja walimu wa shule moja ya michezo kuchagua wasichana wa kuwasomesha, na watachagua miongoni mwa wale watakaowaona uwanjani. Mwakani Yasinta atakuwa amepita umri. Damiani aliitisha kikao cha wazazi, akasema anahitaji mama wawili wa kusafiri na timu kupika. Hakuwa amemaliza sentensi, mkono wangu uko juu. Wa pili alikuwa Mama Rehema, ambaye binti yake ndiye aliyekuwa akicheza nafasi ya Yasinta.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alikubali kushika mashine, akaniomba kitu kimoja tu, nisigombane. Nikamwambia siendi kugombana, naenda kuuliza.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulikusanyika kwenye uwanja wa akademi. Baridi ya Babati mnaijua ya mwezi wa saba. Wasichana walikuwa wamejifunga khanga za mama zao juu ya suti za michezo. Tulipakia kwenye Kosta sufuria mbili kubwa, mwiko, gunia la unga niliosaga mwenyewe, maharage, na mahindi ya kukoboa. Damiani alinisalimu vizuri, shikamoo mama mdogo, nikaitikia marahaba. Adabu anayo. Dada yangu alimlea, siwezi kusema hakumlea.

Tulipopita ziwa, likiwa upande wetu wa kulia, wasichana walianza kuimba. Bonga tulisimama kumchukua golikipa wetu, ambaye baba yake alimsindikiza hadi barabarani akiwa ameshika viatu vyake mkononi ili visichafuke. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda na kona zake. Chini ukiangalia unaona mashamba ya mbaazi na mahindi yaliyokauka, juu ni msitu. Yasinta alikaa kiti cha nyuma kabisa, haimbi, anaangalia nje. Nilimwita aje mbele akakataa kwa kichwa. Mtoto wa umri ule ukimwonea huruma mbele ya wenzake umemuua, kwa hiyo nikamwacha.

Saa nne tuliingia Kondoa kunywa chai. Mama Rehema ni Mrangi wa upande huo, basi alisalimiana na kila mtu hotelini mpaka chai ikapoa. Tulipokaa, nikamwambia wazi kwamba natamani mwanangu acheze, hata kama anayetoka ni mwanawe. Hakukasirika. Akaniuliza kama sijui wazazi wanasemaje. Nikasema sijui. Akaniambia kwamba tangu nilipomwita kocha "mwanangu" kwenye kikao cha kwanza kabisa, watu walianza kuulizana kama timu ile ni ya mji au ni ya ukoo wetu.

Jamani. Mtoto wa dada yangu nimwite nani? Ukoo wetu hauna neno lingine. Nilimwita mwanangu kwa sababu ni mwanangu, na siku ile nilisema kwa sauti, tena kwa kujidai, mbele ya kila mtu, nikidhani ninamjengea kijana heshima. Kumbe nilikuwa nawapa watu la kusema.

Tukarudi garini. Barabara ile baada ya Kondoa inateremka polepole, joto linapanda, nchi inazidi kuwa kavu na nyeupe, na khanga zote zilivuliwa. Nilikuwa nawaza kwamba labda mwenye kosa ni mimi. Kisha nikawaza, la hasha. Mdomo wangu ndio uliosema, basi niadhibiwe mimi. Miguu ya Yasinta imesema nini?

Saa nane mchana tulifika. Tulipangiwa madarasa ya shule moja ya msingi. Wasichana walitandika magodoro chini, na sisi tulipewa jiko la nje lenye mafiga matatu na upepo wa kutosha kumpofua mtu. Hapo nikafanya jambo ambalo wenyeji wetu wa Dodoma walilicheka mpaka tunaondoka. Nyumbani tunaamini mtu anayekwenda kwenye kazi ngumu lazima ashibe. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri niliamka nikapika makande, mazito, yenye mafuta, na nikasimama juu ya kila msichana mpaka amalize sahani. Mechi ilikuwa saa tatu. Watoto walikimbia kama wamebeba magunia. Tulifungwa mawili bila, na mwalimu wa shule tuliyolala, mama mmoja mcheshi, aliniuliza kama timu pinzani ndiyo iliyonituma.

Nilicheka naye, nikakubali kosa. Mechi ya pili, saa kumi jioni, tuliwapa uji tu, na tukashinda moja bila.

Lakini mechi zote mbili Yasinta hakuingia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi lao, karibu kabisa, naona kisogo chake kilichonyolewa. Mechi ya kwanza, tukiwa tumefungwa mawili na beki wetu wa kushoto anahema, Damiani aligeuka akatazama benchi. Akamtazama Yasinta. Nilimwona akimtazama. Kisha akamwita mwingine, ambaye hata si beki. Upande wa pili wa uwanja, chini ya turubai, walimu watatu wa ile shule ya michezo walikuwa wakiandika kwenye madaftari yao.

Jioni hiyohiyo, jua bado lipo, Damiani alikuja jikoni kuomba maji ya kunywa. Mama Rehema alikuwa anachambua mchele pembeni. Nikampa maji, nikamwacha anywe, kisha nikauliza kama nilivyomwahidi mume wangu.

"Damiani, huyu mtoto ana kosa gani lingine ambalo mimi silijui?"

"Hana kosa, mama mdogo."

"Adhabu ya wiki mbili iliisha lini?"

Akasema iliisha muda mrefu. Alikuwa anaangalia kikombe. Nikasubiri. Sina kawaida ya kusubiri, ninyi mnanijua, lakini pale nilisubiri.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Nikimpanga, wazazi watasema timu ni ya ukoo."

"Kwa hiyo angekuwa mtoto wa jirani, angecheza."

Akaweka kikombe chini. "Angecheza."

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshika mwiko na niliuweka chini kwa makusudi. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Miezi miwili nilikuwa nimejiambia labda mtoto hajui mpira, labda kasi yake imepungua, labda babu yake amemlemea moyoni. Kumbe anajua, na kocha anajua kwamba anajua. Amefichwa benchi kama chakula kinachofichwa wageni wasikione. Na aliyemficha ni yuleyule ambaye mtoto alisimama mahali pake siku ya maziko.

Nikamwambia hayo yote. Sikupiga kelele. Nikamwambia pia kwamba kuwa ndugu yake si ugonjwa, na kama ni ugonjwa, basi amwambukize mtoto faida zake pia, siyo maumivu peke yake. Akajibu kwamba mimi sijui kazi yake ilivyo, kwamba kila anayemweka nje ana mama, na kila mama ana mdomo. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nikamwambia anaogopa midomo, na anayelipia woga wake ni mtoto wa miaka kumi na minne.

Saa moja, wakati wa chakula, wote tukiwa darasani, mabinti wakiwa na sahani zao, wazazi saba waliojilipia nauli kufuatana na timu na Damiani akiwa mlangoni, nilisimama. Yasinta alipoona nasimama aliinamisha uso karibu uingie kwenye wali. Nikasema mimi ni mama mdogo wa kocha huyu, na nitaendelea kumwita mwanangu mpaka nife. Nikaeleza habari ya msalaba, nani alipaswa kuubeba na nani aliubeba. Nikasema kama kuna mzazi anayeona Yasinta yuko kwenye timu kwa sababu ya ukoo, aseme sasa hivi, mbele yangu, siyo kwenye kona za mji.

Mama Rehema akaweka sahani yake chini.

"Mimi nilisema," akasema. "Nilisema kocha ana ndugu yake kikosini. Sikusema mtoto akae nje miezi miwili. Kesho acheze. Rehema akizidiwa, basi amezidiwa."

Mwanamke yule sitamsahau. Binti yake alikuwa amekaa palepale, anasikia, na nafasi iliyokuwa inazungumzwa ni ya binti yake. Wengine walikohoa, wakaangalia chakula. Damiani alitoka nje.

Jumapili, saa tatu asubuhi, mechi ya mwisho. Rehema alianza. Alicheza vizuri, sitamnyima haki yake, huenda alicheza vizuri kuliko siku zote kwa sababu ya yale aliyoyasikia. Ilipofika mapumziko Damiani alimwita Yasinta, akamwambia maneno mawili matatu, na Yasinta akavua suti ya michezo. Nikaikalia mikono yangu.

Mpira wake wa kwanza alimpa adui. Miguuni kabisa, kama anampa zawadi. Miezi miwili ya benchi hiyo, mnategemea nini? Mzazi mmoja nyuma yangu akaguna, nikageuka nikamtazama mpaka akatazama pembeni. Wa pili Yasinta aliupiga nje. Wa tatu alikuja msichana mmoja mrefu, mwenye mbio za hatari, aliyekuwa amewasumbua mabeki wetu asubuhi yote. Yasinta hakumvamia. Alirudi nyuma naye hatua kwa hatua, akamwacha ajiamini, kisha akaweka mguu mara moja tu, na mpira ukabaki kwake. Tangu hapo yule mrefu hakupita tena upande ule. Mara mbili Yasinta alipanda nao hadi karibu na kona na kumimina krosi. Moja mwenzake aliipiga juu, nyingine golikipa aliidaka. Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Akatoka uwanjani soksi zake zikiwa na vumbi jeupe la Dodoma mpaka magotini.

Saa sita walimu wale walisoma majina. Rehema aliitwa. Nilimkumbatia mama yake, na nilimkumbatia kwa moyo. Golikipa wa Bonga aliitwa. Yasinta hakuitwa.

Baadaye kidogo mmoja wa wale walimu, mama wa makamo mwenye kofia ya jua, alimfuata Damiani pale alipokuwa anakusanya mipira. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nafunga sufuria.

"Yule aliyeingia kushoto kipindi cha pili," akamuuliza, "jana alikuwa anaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa mbona hatukumwona?"

Damiani alisimama na mpira kwapani. Yule mama akasema dakika thelathini hazimtoshi kuandika jina la mtoto wa watu, angemwona jana hata mechi moja angekuwa na la kutetea mbele ya wenzake. Akafunga daftari, akaenda zake.

Nilikuwa na maneno, tena mengi. Niliyameza yote, kwa sababu niliuona uso wa kijana na nikajua hayo aliyoambiwa hayahitaji nyongeza yangu. Lakini sikumwambia pole. Sikuwa na pole ya kumpa siku ile.

Saa saba tuliondoka. Basi lilikuwa na makelele, nusu wanashangilia walioitwa, nusu wamelala. Safari hii Yasinta alikuja akakaa kando yangu bila kuitwa. Tulipita Kondoa bila kusimama. Tulipoanza kupanda kuelekea Bereko, ubaridi ukiingia dirishani, ndipo alipofungua mdomo.

"Mama, umenitia aibu jana."

Nikamwambia najua.

"Lakini nimecheza," akasema, akaegemea bega langu, akalia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, bila sauti, mpaka Bonga. Nami nililia kidogo. Sioni haya kuliandika hilo.

Mtauliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba ahadi ya familia ikisainiwa na upande mmoja tu si ahadi. Wanatuomba tuiweke timu mbele ya misiba yetu, mashamba yetu na ndugu zetu, na tunaiweka, tunapika, tunasafiri, halafu dakika za watoto wetu zinagawiwa kwa hofu ya mtu mmoja. Msimu mpya Damiani aliniletea fomu mashineni. Ule mstari wa shughuli zote nyingine niliukata kwa kalamu mbele yake, nikasaini chini. Aliichukua, akaikunja. Nikamwambia Jumamosi tunajengea kaburi la babu yake, na nikamtajia saa ya kufika.

Jumamosi alifika Sigino saa nne, kaja mapema, lakini filimbi ilikuwa shingoni. Siku hiyo timu ilikuwa na mechi ya kirafiki saa kumi hapa mjini. Tulipomaliza kula mchana, mchanga ukiwa bado haujachanganywa, alianza kutazama simu. Yasinta naye alikuwa pale, tangu asubuhi anateka maji na wenzake, na begi lake la mpira lilikuwa mlangoni. Hakuthubutu kuuliza.

Damiani akasimama, akajipangusa magoti, akaniambia kwa upole kwamba inabidi aende, watoto wanamsubiri. Nikamwambia anayekwenda ni Yasinta. Kaburi hili ni la babu yao wote wawili, mtoto alishakaa siku sita, na leo zamu si yake. Wajomba zake waliacha majembe wakatutazama.

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alivua filimbi, akampigia msaidizi wake mbele ya wote, akasema, "Mimi sitakuja. Yasinta anakuja, na anaanza." Kisha akachukua sepetu. Yasinta alikuwa ameshafika barabarani na begi lake kabla hajakata simu.

Alichanganya saruji vizuri, mwanangu yule. Saa kumi na moja simu yake iliita mfukoni, akaacha sepetu ili apokee. Nikamwambia mikono yake ina saruji, aendelee na kazi, matokeo tutaambiwa na aliyecheza.